Pima klachi kwanza, giaboksi ishuke baadaye

Ukisimama Misigiri, pale barabara ya kwenda Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida hadi Nzega, utaona magari ya kila aina yakipita. Yapo malori makubwa yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi. Yapo mabasi. Na katikati yao hupita gari ambalo umri wake umeuzidi ule wa dereva wake: Land Rover 109, pikapu ya Peugeot 404 au 504, au Toyota Land Cruiser ya enzi za baba zetu. Huko Ulaya gari la namna hiyo hufunikwa turubai, likatolewa Jumapili kwenda kwenye maonyesho. Hapa kwetu linabeba alizeti, vitunguu, matenga ya kuku wa kienyeji na ndugu wanaokwenda msibani.

Hata nchini mwetu watu wameanza kuyaenzi magari haya. Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover kutoka sehemu mbalimbali walikusanyika Arusha kwa tamasha la magari yao, wakapita barabarani kwa msafara mrefu. Ni jambo la kupendeza. Lakini mkulima mwenye gari la kazi hana haja ya kupigwa picha. Gari lake likikataa kuingia gia siku ya mzigo, hasara huanza kuhesabiwa saa ile ile, na vitunguu havimsubiri fundi.

Hoja yangu ni hii. Hasara kubwa tunayoipata kwa magari ya zamani haitokani na uzee wake. Inatokana na kufunguliwa kabla ya kupimwa. Na wa kulaumiwa kwanza ni sisi wenye magari, kwa sababu tunakubali kumlipa fundi anapofungua nati, lakini hatutaki kumlipa anapotafuta ugonjwa.

Mambo huenda hivi. Gia inaanza kukwaruza. Fundi anaitwa, anaingia, anajaribu mara mbili, kisha anatoa hukumu: "Hii giaboksi imekwisha, tushushe." Kwenye Land Rover ya zamani kazi hiyo si ndogo. Lazima viti vitoke, boksi la chini ya viti litoke, sakafu itoke, ndipo giaboksi inyanyuliwe kupitia ndani ya kebini. Ni kazi ya siku nzima kwa mafundi wenye vifaa, na zaidi ya hapo kwa wasio navyo. Spea inaagizwa Singida mjini au Dar es Salaam, inasubiriwa kwenye basi. Gari linafungwa upya. Gia bado inakwaruza. Ndipo inapogundulika kwamba raba ndogo ndani ya silinda ya klachi ilikuwa imeliwa, na pedali ilikuwa haisukumi vya kutosha. Raba ile ingebadilishwa bila kugusa giaboksi.

Simlaumu fundi peke yake. Mwangalie na yeye anavyoishi. Akitumia saa mbili kusikiliza, kunusa, kukanyaga pedali na kulala chini ya gari, halafu akasema "hapa ni kutoa upepo tu", mteja atamtupia nauli ya bodaboda na kumwambia hajafanya kazi. Akishusha giaboksi, mteja mwenyewe anaona jasho, anaona vyuma vimetandazwa kwenye gunia, na analipa. Tumemfundisha fundi kwamba mkate wake uko kwenye kushusha. Tukimwona anashusha tusishangae.

Kwenye afya tulikwishalipita jambo hili. Ilikuwa kila homa ni malaria, mtu anapewa dawa kwa kuguswa paji la uso. Leo mgonjwa anatobolewa kidole, kipimo kinasomwa, ndipo dawa itolewe. Gari la zamani linastahili heshima hiyo hiyo, hasa kwa kuwa vipimo vyake ni rahisi. Magari ya kisasa yanahitaji kompyuta. La zamani linapimwa kwa sikio, pua na mguu, na mwenye gari anaweza kufanya sehemu kubwa ya vipimo mwenyewe kabla hajamwita mtu.

Klachi inayoteleza

Kwanza tutofautishe magonjwa, kwa sababu neno "klachi mbovu" linabeba magonjwa mawili yaliyo kinyume. Kuna klachi inayoteleza, yaani haishiki. Na kuna klachi isiyokata, yaani haiachii. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Klachi inayoteleza huonekana mlimani, gari likiwa na mzigo, kwenye gia kubwa. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Baadaye inakuja harufu ya kuungua. Ukitaka kuhakikisha, tafuta mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na hakikisha hakuna mtu mbele ya gari. Washa injini, ingiza gia ya juu kabisa, kanyaga mafuta kiasi, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi inateleza. Fanya mara moja tu. Ukirudia rudia unaimaliza kabisa.

Lakini kuteleza hakuna maana kwamba pleti imekwisha. Angalia kwanza pedali. Inatakiwa iwe na nafasi kidogo ya kucheza kabla haijaanza kusukuma. Kama nafasi hiyo haipo, klachi inakuwa imekanyagwa kidogo muda wote, hata dereva akiwa ameondoa mguu. Hiyo ni kazi ya kurekebisha kwa spana. Halafu mtazame dereva. Wapo wanaosafiri na mguu wa kushoto umelazwa juu ya pedali kutoka Misigiri hadi Singida. Kwa dereva wa namna hiyo utabadilisha pleti kila msimu na hutajua kwa nini.

Sababu nyingine ni oili kumwagikia pleti. Hapo Land Rover za zamani zina msaada ambao wengi hawaujui. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu dogo. Kiwandani walitengeneza nati ya kuliziba tundu hilo wakati wa kuvuka maji mengi, na baada ya kuvuka nati inatakiwa itolewe. Magari mengi yameachwa na nati hiyo mahali pake kwa miaka, na oili yote inayovuja inabaki ndani ikilowesha klachi. Ifungue utazame kinachodondoka. Ikiwa ni oili nyeusi na nyepesi, inatoka kwenye injini, kwa hiyo sili ya nyuma ya injini ndiyo iliyokufa. Ikiwa ni nzito na ina harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya gia, na sili ya mbele ya giaboksi ndiyo mwizi wako. Kwa kunusa kidole umejua spea gani ya kuagiza. Ukibadilisha pleti bila kuziba mvujo, pleti mpya italowa kama ya zamani.

Na tuseme ukweli kuhusu mzigo. Land Rover 109 ilitengenezwa kubeba takriban tani moja, pamoja na watu waliomo. Magunia ya lumbesa yaliyopandana hadi juu ya kebini, utingo wawili juu yake, halafu kilima: hakuna klachi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Tunalalamika lumbesa inamwibia mkulima sokoni. Inamwibia pia barabarani.

Klachi isiyokata

Ugonjwa wa pili ndio unaoponza giaboksi nyingi zisizo na kosa. Klachi isipokata, injini inaendelea kuizungusha giaboksi hata pedali ikiwa chini. Gia zinakwaruza, hasa ya kwanza na rivasi, au zinagoma kabisa. Fundi mwenye haraka anasikia meno yanalia na kusema giaboksi imekwisha.

Pima hivi. Zima injini, kisha ingiza gia zote moja moja. Zikiingia laini, sehemu ya kuchagulia gia ni nzima. Washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi kumi, kisha ingiza rivasi. Ndani ya sekunde hizo giaboksi inatakiwa iwe imesimama. Ikikwaruza bado, klachi haikati. Sasa pampu pedali mara nne au tano haraka haraka na ujaribu tena. Ikiingia vizuri, una upepo kwenye mfumo wa oili ya klachi, au raba zimechoka. Hakuna sababu ya kushusha kitu chochote.

Fuata mfumo huo kwa macho. Angalia oili kwenye kopo la silinda ya juu, ile iliyo karibu na pedali. Imepungua? Gusa ukuta nyuma ya pedali, uone kama kuna unyevunyevu. Kisha ulale chini uifunue raba ya vumbi ya silinda ya chini, ile iliyo upande wa giaboksi. Ikitiririka, umempata mgonjwa. Mwombe mtu akanyage pedali wakati wewe unatazama fimbo ya silinda ya chini ikisukuma. Fimbo isiposogea, au ikisogea kidogo sana, shida iko kabla ya hapo. Ikisukuma vizuri na bado klachi haikati, sasa ndipo una sababu ya kufikiria mambo ya ndani: presha pleti, pleti iliyopinda, au beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili imekamata.

Lipo jambo jingine kwa magari yanayolala wakati wa masika. Gari likikaa muda mrefu kwenye unyevunyevu, pleti inaweza kushikamana na flaiwili kwa kutu. Mwenye gari anakuta jana lilikuwa zima, leo gia haziingii. Gari la namna hiyo linaweza kuponywa na fundi mwangalifu bila spea hata moja.

Onyo ambalo nalirudia kila ninapopata nafasi: usiongeze oili ya injini kwenye kopo la klachi au breki. Raba zile zimetengenezwa kwa oili ya breki. Oili ya injini inazivimbisha na kuziharibu zote, juu na chini, pamoja na mpira wa kuunganisha. Chupa moja iliyoongezwa njiani ili "tufike tu" inaweza kukugharimu mfumo mzima.

Kelele zinasema

Tukija kwenye kelele, kipimo chake hakihitaji hata kuondoka nyumbani. Washa injini, gari likiwa halina gia, mguu ukiwa mbali na pedali. Sikiliza. Kisha kanyaga klachi taratibu na uendelee kusikiliza.

Kelele ikianza unapokanyaga na kuisha unapoachia, shuku beringi inayosukuma klachi, ambayo mafundi huiita rilizi beringi. Kelele ikiwapo kabla hujakanyaga na ikatoweka ukishakanyaga mpaka chini, shuku beringi ya mbele ya giaboksi, kwa sababu ukikanyaga unaisimamisha isizunguke. Tofauti hiyo ya kukanyaga na kuachia ndiyo inayokuambia kama unaagiza beringi moja ya klachi au unakwenda kufungua giaboksi yote.

Barabarani nako kuna lugha yake. Kwenye giaboksi hizi za gia nne, gia ya juu inapitisha nguvu moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma. Gia nyingine zinapitia shafti ya chini. Kwa hiyo gari likilia kwenye namba moja, mbili na tatu, halafu likatulia kwenye namba nne, elekeza macho kwenye shafti ya chini na beringi zake. Likilia kwenye gia moja tu, meno ya gia hiyo ndiyo yenye kesi. Na likilia hata ukiwa umetoa gia na gari linaserereka kwenye tambarare, kelele ikifuata mwendo wa magurudumu, iache giaboksi kwa amani. Nenda kwenye propela shafti, difu na beringi za magurudumu.

Mwaga oili ya gia kwenye beseni safi na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa gari la kazi. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku ni meno au beringi. Vipande vya rangi ya shaba ni ringi za sinkro au bushi. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji. Na kwenye Land Rover, giaboksi kubwa na ile ndogo ya nyuma yake kila moja ina oili yake. Ukikuta kubwa imepungua na ndogo imefurika, sili iliyo kati yao imekufa, na ukiendelea kuongeza bila kuangalia utaua zote mbili.

Tabia za kuzaliwa nazo

Kuna kosa jingine linalofanywa na fundi kijana aliyejifunzia magari ya kisasa. Anaendesha Land Rover ya zamani, anapunguza kwenda namba mbili, inakwaruza, naye anasema sinkro zimekwisha. Land Rover ya toleo la pili, pamoja na ile iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, ilikuwa na sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili hazikuwa nazo tangu kiwandani. Sinkro kwenye gia zote nne za mbele zilikuja na toleo la tatu lililoanza 1971. Huwezi kutengeneza kitu ambacho hakikuwekwa.

Dereva wa gari la namna hiyo anatakiwa akanyage klachi mara mbili. Kanyaga, toa gia, achia klachi, pandisha injini kidogo kwa mafuta, kanyaga tena, ingiza gia ndogo. Wazee walioendesha Bedford na Leyland walilifanya hilo huku wakipiga soga. Vijana wetu hawajafundishwa, na giaboksi ndiyo inayolipa ada.

Peugeot zenye gia za kwenye usukani nazo zina yao. Kutoka kwenye mkono wa dereva hadi kwenye giaboksi kuna fimbo na bushi kadhaa. Bushi zikichakaa, gia haziingii au zinapotea, wakati giaboksi yenyewe ni nzima. Shika fimbo hizo kwa mkono chini ya boneti uone zinavyocheza. Pia oili ya Peugeot hizo si ile nzito namba 90 anayoijua kila mtu. Kwenye giaboksi nyingi za 404 na 504 kiwanda kilielekeza oili ya injini. Ndiyo maana nasema kitabu cha gari, hata kiwe nakala iliyofifia, kina thamani kuliko spea mbili.

Sekenke haina msamaha

Mpaka hapa tumezungumzia fedha. Lakini mwenye gari wa Misigiri ana sababu kubwa zaidi ya kujua hali ya klachi na giaboksi yake. Ukitoka Misigiri kuelekea Shelui, barabara inashuka mlima Sekenke kwenda bonde la Wembere. Kila dereva wa njia hiyo anajua mteremko ule na ajali zake.

Gari lenye mzigo linatakiwa lishuke kwa gia, injini ikilizuia, breki zikisaidia. Sasa fikiria gari ambalo gia ya tatu inachomoka yenyewe. Kwenye tambarare dereva anaishikilia kwa mkono na maisha yanaendelea. Kwenye mteremko, mguu ukitoka kwenye mafuta, ndipo gia hiyo inapenda kuchomoka. Gari linabaki huru, mzigo unasukuma, breki za ngoma zinapata moto na kupoteza nguvu. Dereva anataka kurudisha namba mbili, na kama gari ni lile lisilo na sinkro kwenye namba mbili, haitaingia. Hapo hakuna fundi wa kumwita.

Gia inayochomoka nayo ipimwe kwa mpangilio. Anza na raba za kushikilia injini na giaboksi. Zikikatika, injini inarukaruka na kuvuta gia itoke. Utaliona hilo ukitazama kijiti cha gia kinavyocheza dereva anapokanyaga na kuachia mafuta. Fuatilia springi ndogo zinazoshikilia gia mahali pake, ambazo kwenye Land Rover zinafikika bila kushusha giaboksi. Ukishamaliza hayo ndipo ufikirie meno yaliyolika. Lakini wakati unatafuta, gari hilo lisishuke Sekenke na mzigo. Wala na watu. Hilo halina mjadala.

Na wale wanaoshuka huku wametoa gia makusudi ili kuokoa dizeli, nawaambia wazi kwamba wanachookoa hakinunui hata jeneza. Chagua gia kabla mteremko haujaanza. Gia uliyoanza nayo juu ndiyo utakayofika nayo chini.

Tufanye nini

Najua yupo msomaji anayesema dawa ni moja, uza mkweche nunua gari jipya. Kwa mwenye uwezo, sawa. Lakini mkulima wa ekari chache za alizeti hanunui gari kila anapotaka, na hilo la zamani lina sifa ambazo jipya halina: halina kompyuta ya kugoma, chesisi yake inastahimili barabara za vijijini, na kila nati yake inafunguka kwa spana. Likipimwa vizuri linalipa. Likibahatishwa linafilisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na giaboksi ni ukuta wa gharama.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache yanayotekelezeka. La kwanza, mlipe fundi kwa kupima, mbali na malipo ya kutengeneza. Kubalianeni kabla. Mwambie: "Nakulipa kiasi hiki uniambie ugonjwa ni nini na umejuaje." Fundi asiyeweza kueleza amejuaje hajajua. Akisema tushushe, muulize amefanya kipimo gani kati ya vile tulivyovitaja.

La pili, giaboksi ikishushwa kwa haki, usibanie. Ufundi wa kushusha na kupandisha ndio ghali. Kagua pleti, presha pleti, rilizi beringi, beringi ya flaiwili na sili ya mbele kwa pamoja, na kilicho karibu kufa kibadilishwe hapo hapo. Anayebadilisha pleti na kurudisha beringi inayolia amejiandalia kushusha tena katikati ya msimu. Na spea zilizotolewa ukabidhiwe mkononi.

La tatu, gari liwe na daftari kama duka lilivyo na daftari la wadaiwa. Andika lini oili ya gia ilibadilishwa, raba za klachi zilifungwa lini, nani alifunga, dereva alilalamikia nini. Pima mvua zinapoelekea kuisha, kabla mavuno hayajaanza kusubiri usafiri. Kwa mfanyabiashara anayepeleka vitunguu Singida mjini, siku tatu za gari kulala chini ya mti katikati ya msimu zinaweza kula faida ya mwezi.

La nne linawahusu wenye dhamana. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya darasa. Utaratibu huo uwafikie mafundi wa Misigiri, Shelui na Kiomboi walipo, na upimaji wa magari ya zamani uwe sehemu ya mtihani, maana ndiyo magari wanayoletewa. SIDO nayo, iliyoundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iangalie bushi na vipuri vidogo ambavyo mafundi wetu wa mashine za kukerezea vyuma wanaweza kuvitengeneza hapa hapa.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi kabla gari halijapakiwa, chukua dakika kumi. Lisikilize bila gia, kanyaga pedali, sikiliza tena. Hesabu hadi kumi, ingiza rivasi. Chungulia kopo la oili ya klachi. Nusa kinachodondoka chini ya flaiwili. Ukishajua ugonjwa, mwite fundi na ukubali kumlipa kwa alichokijua.